Spana za Gelmany

Kama gazeti la wiki jana mlilifungia maandazi kabla ya kulisoma, hilo ni lenu. Lakini sitawaacha njiani.

Mimi ni Eustakia, binti wa kijiji cha Murukulazo, mwenye stashahada ya ufundi wa magari ambayo mama ameitia fremu na kuitundika kando ya picha ya Bikira Maria. Mwaka wa tisini na tano, malori ya chakula cha wakimbizi yalipokuwa yakiichimba barabara ya Ngara kutwa nzima, mzee Thobias alinipa kazi katika gereji yake. Akanituma Biharamulo nikachague spana mpya. Nikarudi na sanduku lenye vipande ishirini na sita, vinang'aa kama vyombo vya altareni. Gereji nzima ilinipigia makofi, isipokuwa mtu mmoja, aliyesema ni mbaya.

Huyo mmoja ni Bukuru, fundi wa Kirundi, mkimbizi. Kila asubuhi alitoka kambini kwa kibali, na kibali hicho kilisimama juu ya barua moja ya mzee Thobias inayosema: huyu ni fundi wangu, namhitaji. Barua ikiondoka, kibali kinaondoka, na Bukuru anabaki nyuma ya kizuizi na mkewe Niragira, wakihesabu siku za mgawo wa mahindi.

Siku moja kabla ya safari yangu ya Biharamulo, Bukuru alinifuata stoo.

"Dada, spana usiiangarie. Uisikirize."

"Usiiangalie," nikamsahihisha. "Uisikilize. Ni L, Bukuru. Ulimi uguse nyuma ya meno."

"Ego," akajibu, ndiyo ya kwao, wala hakununa. "Uifunge kamba, ining'inie, uigonge na nyingine. Chuma kizuri kinaimba. Kibaya kinasema 'ko', kimenyamaza. Harafu ubebe nati. Uivarishe spana, uitikise. Ikicheza, iache. Mwisho, tupa ya kusuguria chuma. Upitishe tupa kwenye mdomo wa spana. Tupa ikiuma, chuma ni raini, iache. Tupa ikitereza, hiyo ni spana."

"Bukuru, nimekaa chuoni miaka mitatu. Hawakunifundisha kuongea na vyuma. Mimi si mganga."

Akacheka kidogo, akarudi kwenye gari lake.

Wiki jana niliwaambia kwamba Biharamulo nilizikagua spana zile moja moja. Niliwadanganya. Nilimdanganya mzee Thobias kwanza, kisha ninyi, kwa kufuata ngazi za heshima.

Ukweli ni huu. Bulugu, muuza zana wa sokoni, alinivutia kigoda, akanifungulia soda, akaniangalia kama mtu aliyetembelewa na waziri.

"Dada," akasema, "Kiswahili chako ni kama cha ledio."

Ledio! Mimi niliyewahi kumsahihisha katekista katikati ya matangazo ya ndoa, niliisikia ledio ile ikipita, nikaimeza pamoja na soda. Anayekusifu humsahihishi. Nilifunua sanduku, nikaona mng'aro, nikafunika. Kamba sikufunga. Nati sikubeba. Tupa zilikuwa zikiuzwa pale pale, nusu hatua kutoka gotini kwangu.

Mnaonicheka, nendeni kwanza mkaangalie sufuria mlizonunua kwa sababu zilimeremeta.

*

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, liliingia lori la maharage ya kambini, springi ya nyuma imekaa upande. Lilitakiwa kuondoka kabla ya adhuhuri. Shibuda, fundi mkuu wetu, Msukuma mwenye mabega ya kubeba injini, akajilaza chini yake na spana yangu ya ishirini na nne.

Akavuta. Akavuta tena.

Spana haikuvunjika. Afadhali ingevunjika, maana kinachovunjika kilijaribu. Hii ilipanua mdomo taratibu, kama mlevi anayepiga miayo, ikaila nati kona zote sita, kisha ikamwachia Shibuda na nguvu zake zote. Ngumi ikaenda kwenye ukingo wa chesisi. Kidevu kikafuata.

Alitoka chini ya lori na kidole kilichoelekea upande ambao vidole haviendi.

"Nani kanunua takataka hii?"

Niliangalia viatu vyangu. Vilikuwa viatu vizuri.

Mzee Thobias akaja mbio, kofia mkononi. Aliiokota spana, akaigeuza, akatema mate. Akachukua ya kumi na saba, akaibana kwenye jiliwa, akaivuta kwa mkono mmoja, mkono wa mtu wa miaka sitini. Ikakunjika. Ule mng'aro ukabanduka vipande vipande kama ganda la yai, na chini yake kikatokea chuma cheusi, chuma cha kutengenezea bawaba za mlango wa choo.

"Hizi si spana za Eustakia," akasema.

Moyo wangu ukaruka. Nikauacha uruke.

"Mwanangu, si urizikagua?"

"Moja moja, mzee."

"Na maandishi yake urisoma?"

"Niliyasoma."

"Basi zimebadirishwa." Mzee wetu ni Mhangaza, na L kwake ni mgeni asiyepewa kiti. "Zire nzuri zimeibwa, tumewekewa hizi. Sasa nyie niambieni. Nani arizipinga spana hizi tangu siku ya kwanza? Nani anarara kambini, kwenye wahunzi wanaofua hata sufuria kwa mlango wa gari?"

Macho yote yakamwendea Bukuru.

Bukuru akaweka tambara chini. "Mzee, mimi si mwizi. Nirisema ni mbaya kwa sababu ni mbaya."

"Anayejua jambo kabla ya wenzake ni nabii au ni mwizi. Na manabii wariisha zamani. Barua yangu iko wapi?"

Bukuru alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakubishana. Aliikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyelala. Mzee akaitia mfukoni mwake, akaagiza aitwe mgambo.

Na mimi?

Mimi nilinyamaza. Mnataka kujua nilichokuwa nikikifikiri? Nilifikiri hivi: huyu amezoea kuondoka. Alikwishaondoka kwao, ataondoka na hapa, haitamuuma kama itakavyoniuma mimi. Nililifikiri hilo bila kosa hata moja la sarufi.

*

Mzee akaniambia nikusanye vipande vyote, viwe ushahidi. Niliingia stoo, nikavimwaga mezani, nikaanza kuvifuta kwa mafuta ya taa.

Kwenye mpini wa spana ya kumi na nne kulikuwa na maandishi madogo. Niliyafuta. Nikayasogeza dirishani.

MADE IN GELMANY.

Nikachukua ya kumi. GELMANY. Ya kumi na tisa. GELMANY. Vipande ishirini na sita, na kila kimoja kilitoka Gelmany, nchi ambayo hakuna mwalimu wa jiografia aliyewahi kuifikia. Herufi zenyewe zilikuwa zimegongwa kwa mkono, moja imepanda, moja imeshuka, kama watoto wasiojua kupanga mstari.

Nilikaa juu ya pipa.

Sikilizeni, maana wengi wenu mnakosea na hamjui mnakosea upande gani. Sisi wa Ngara, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, tunaionea L. Tunaigeuza R: rori, karamu, chakura. Wenzetu wa Usukumani wanaionea R. Wanaigeuza L: kalibu, mala, ledio. Kila upande una herufi yake ya kuua. Mrundi aliyebeba nyundo na herufi za kugongea, hata akilewa, hataichukua R ya Germany, R yake mwenyewe ya nyumbani, akaitupa na kuweka L. Bukuru hakuzigonga spana zile, wala mhunzi yeyote wa kambini.

Zilitoka mezani kwa Bulugu zikiwa hivyo hivyo. Zilitoka ledioni.

Nilitaka kukimbia nje nikapige kelele. Nikafika mlangoni, nikasimama. Kama neno lile lilikuwepo Biharamulo, na mimi nimemwapia mzee kwamba nilisoma, basi herufi inayomfungua Bukuru ndiyo inayonifunga mimi.

Msomi hakosi ujanja. Nikatafuta njia ya kumwokoa mtu bila kuchafua nguo.

*

"Mzee," nikasema, "kabla mgambo hajafika, naomba watu waandike."

"Waandike nini? Wosia?"

Nikamwonyesha spana. Nikaeleza habari ya L na R kama nilivyowaeleza ninyi, ila kwa upole zaidi, kwa sababu yeye ndiye anayenilipa. Mlango wa lori ulikuwa na vumbi jekundu la kutosha daftari zima.

"Bukuru, andika lori."

Bukuru akanyoosha kidole, akaandika: RORI.

Nikageuka kwa mzee kwa ushindi. "Umeona?"

Mzee Thobias akalisoma neno, akalisoma tena. "Kosa riko wapi?"

Mafundi wakaangua kicheko. Hata Bukuru akauma mdomo. Nikaendelea.

"Bukuru, sasa andika Ujerumani kwa Kiingereza, kama inavyoandikwa kwenye vyuma."

Akaandika bila kufikiri: GERMANY. R imesimama pale, nene, imenyooka.

"Haya. Unaona, mzee? Anayekosea kama ilivyo kwenye spana hawezi kuwa Mrundi. Ni lazima awe mtu wa..."

Hapo nikasita, kwa sababu Shibuda alikuwa amesimama. Kidole chake kimefungwa kwa kipande cha kanga. Alisogea mlangoni mwa lori bila kuitwa, na kwa mkono wa kushoto akaandika taratibu chini ya neno la Bukuru: GELMANY.

Mafundi wakasogea kusoma.

"Endelea, dada," Shibuda akasema. "Ni lazima awe mtu wa wapi?"

"Kaka Shibuda, sikukusudia..."

"Mimi naandika hivi tangu dalasa la kwanza. Mwalimu alinichapa, akachoka yeye. Na kwetu tunaoandika hivi ni wengi kuliko nati za mkoa huu, na wengine ni mapadli. Ningegonga mimi spana hizi, ningejilaza chini ya loli nivunje kidole changu mwenyewe? Umemtoa Bukulu, unataka kuniweka mimi?"

"Hapana, kaka."

"Basi nijibu moja. Ulimwambia mzee ulisoma. Kama neno hili lilikuwepo Bihalamulo, uliliona ukalinyamazia. Kama hukuliona, hukusoma. Hakuna la tatu. Chagua."

Nilitafuta la tatu. Nawaapia nililitafuta. Kwa ulimi huu unaoweza kumtoa nyoka pangoni, sikulipata.

Mgambo akaingia getini, rungu kwapani, anatafuna muwa.

"Eustakia?" mzee akaita.

Bukuru hakuwa ameniangalia tangu asubuhi. Sasa aliniangalia. Hakukuwa na ombi machoni mwake, na hilo ndilo lililonichoma. Aliniangalia kama anavyoiangalia spana ambayo hajaigonga bado.

"Sikusoma, mzee," nikasema. "Sikukagua hata moja. Bulugu alinipa soda, akanisifu, nikafunika sanduku. Spana hizi ndizo nilizonunua. Bukuru hakuiba kitu."

Basi. Nikautua mzigo. Nikangoja kufukuzwa kazi, kutukanwa, kupigwa na kofia.

Mzee Thobias alicheka. Kicheko kikavu, cha pua.

"Mwanangu, baba yako tumebatizwa naye siku moja, maji mamoja. Namjua. Binti yake, mwenye cheti chenye mhuri, hawezi kununua uchafu huu hata akiwa amefumba macho. Sasa niambie. Huyu Mrundi amekupa nini hata umbebee msaraba wake?"

"Hajanipa kitu."

"Hakuna anayejipaka matope bure."

"Mzee, nakwambia ukweli!"

"Asubuhi urisema nini?"

Mnasikia? Uongo wangu aliupokea kwa mikono miwili, akaupa kiti. Ukweli wangu ulipobisha hodi, akaudai kibali.

Mafundi wakaanza kuguna. Mmoja akamkonyeza mwenzake, akatutazama mimi na Bukuru kwa zamu, na nikajua kufikia jioni Ngara yote itakuwa na hadithi nyingine kabisa kunihusu, tamu kuliko hii, na Niragira ataisikia kwenye foleni ya maji.

Aliyetukatiza ni Bukuru.

"Mzee, twende Biharamuro. Ariyeuza yupo. Aseme mwenyewe."

Mzee akapima. Akaitia kofia kichwani.

"Sawa. Muuzaji akikubari kwamba spana hizi ni zake, barua yako narudisha pare pare, na mwanangu huyu nitaongea na baba yake. Akikataa, barua naikabidhi kwa mgambo, na mgambo anajua njia ya kituoni. Mmesikia wote?"

Tulisikia.

*

Tuliondoka na pikapu ya mzee. Mimi mbele, Bukuru na mgambo nyuma, sanduku la Gelmany katikati yao. Tulipita Nyakahura bila kusimama. Njia nzima nilipanga maneno. Nilijiambia kazi ni nyepesi: Bulugu ni mfanyabiashara, ana uso, ana jina, ana meza yenye miguu minne. Sokoni watu wanamjua. Atakataaje mchana kweupe?

Saa tisa tulikuwa sokoni Biharamulo.

Meza ilikuwa pale pale. Bulugu alikuwa pale pale, na hata kigoda nilichokalia kilikuwa pale. Lakini mezani hapakuwa na spana wala nyundo wala tupa. Palikuwa na mafungu ya chumvi, yamepangwa vizuri, na sabuni za mche zilizokatwa vipande.

"Shikamoo, mzee," Bulugu akasimama, mkono kifuani, heshima tupu.

"Marahaba. Kijana, unauza spana?"

"Spana?" Akaangalia huku na huku kama anayemtafuta mtu mwingine aliyeulizwa. "Mimi ni chumvi na sabuni, mzee wangu. Spana labda Mwanza."

"Bulugu," nikasema. "Bulugu, ni mimi. Ulinikalisha hapa. Ulinipa soda."

Alinigeukia. Akalitazama sanduku mikononi mwa mgambo, akalitazama rungu, akanitazama mimi. Akatabasamu, tabasamu lile lile, na meno yote.

"Kalibu, dada. Nikufungie chumvi?"

"Unamjua huyu binti?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Namuona ndiyo mala ya kwanza."

Nikawageukia majirani zake. Mama mwenye dagaa akainamia dagaa zake. Fundi viatu akapitisha sindano mahali ambapo hapakuwa na tundu. Hakuna aliyekuwepo siku ile. Soko zima la Biharamulo lilikuwa limekwenda kusali.

Bukuru alikuwa anaitazama mikono ya mzee Thobias.

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akaitoa barua, akaikunjua ile mikunjo minne mmoja mmoja. Mgambo akatupa ganda la muwa, akanyoosha mkono, akaipokea.

Nikaruka juu ya meza. Chumvi ikatawanyika, sabuni zikaviringika, na nikamkamata Bulugu ukosi wa shati kwa mikono yote miwili. Akapiga yowe, "Mwizi! Mwizi jamani!" na soko ambalo halikuwepo likawepo lote kwa mara moja, na mawe mkononi.

Mgambo akaiacha barua ya Bukuru ianguke chini ya miguu ya watu, akanikamata mimi. Yaliyobaki, wiki ijayo; gazeti msilifungie maandazi.